Seramiki imekufa ama imeziba tu? Uzi wa wenye magari ya seramiki huku Mombasa

Premio_ya_Tudor

Salaam wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, lakini kama gari yako imepigwa seramiki (ile dawa inayopakwa juu ya rangi kuilinda) na unakaa huku kwetu pwani kaa kitako usome manake mimi nusura nilipe mara ya pili bure.

Gari ni Premio nyeusi. Najua, rangi ya kujitesa kwa mji huu, msianze. Nilipiga seramiki mwaka jana mwezi wa nane, mahali sitapataja, nikapewa na karatasi ya waranti ya miaka mitatu ina muhuri na kila kitu. Miezi ya kwanza raha tupu. Unamwaga maji juu ya boneti yanajikunja matone kama shanga, ukitoka tu hapo getini yote yashateremka, vumbi la Makupa likikaa unasuuza linaondoka lenyewe. Watoto wa mtaani walikuwa wanakuja kujitazama meno kwenye mlango wa dereva.

Kufika mwezi wa pili, kaskazi imekolea, jua lile la kuchoma utosi, nikaona maji hayateremki tena. Yanalala. Yanatanda bapa kama umemwagia meza ya mbao. Na pale kwenye boneti na paa kuna viduara vyeupe vingi, kila kimoja saizi ya punje ya dengu, naosha, nasugua, viko pale pale vinanitazama.

Nikarudi kwa walioipiga. Jamaa akaitazama sekunde tano, hata kidole hakugusa, akasema hii imeisha, jua la Mombasa limeshaila, turudie. Na waranti je? Ati waranti haihusiani na maji mabaya. Elfu ishirini na kitu tena hizo! Nikamwambia nipe wiki nifikirie.

Sasa kisa chenyewe. Nyumbani tuna kisima, maji ya chumvi kama nusu ya nyumba za Tudor, maji matamu tunanunua kwa mtungi ya kupikia na chai. Gari nilikuwa naosha na ya kisima, nikiwa mvivu napitia kwa vijana wa kawoshi ambao nao wanavuta kisimani kwao, ni yale yale. Jumapili moja asubuhi niko jikoni nafungua birika nione kama kuna maji, nikaona ule ukoko mweupe wa ndani (kuna wakati mama alichoka akawa anachemshia ya kisima), nikatazama nje dirishani boneti inavyong'aa kwa mabaka, nikarudi nikatazama birika. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Kwani birika tunalitoa ukoko na nini? Siki!

Nikachukua ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi nikaibandika katikati ya boneti toka kwenye kioo mpaka kwenye nembo. Kushoto sikugusa. Kulia, saa kumi na mbili asubuhi bati bado la baridi, nikachanganya siki nyeupe nusu na maji matamu nusu, nikalowesha taulo ya maikrofaiba nikailaza juu kama dakika moja na nusu, sikusugua, nikaivuta pole pole, nikasuuza kwa maji matamu. Viduara karibu vyote havipo. Nikachukua kikombe cha maji nikamwaga katikati, juu ya tepu kabisa.

Kulia shanga. Kushoto yamelala. Ule mpaka ulikuwa kama umepigwa rula, mke wangu akatoka na kanga yake kuja kuangalia akaniuliza umefanyaje upande mmoja ukawa mpya.

Yaani haikufa, ilifunikwa. Tangu siku hiyo nimesoma sana na kuuliza sana, na nilivyoelewa ni hivi. Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe, kisima kinapita humo humo, maji yanatoka na kalisiamu na magnesiamu ya kutosha, ukiwa karibu na bahari ongeza na chumvi. Seramiki yenyewe ni tabaka la silika, jamaa yake kioo, jembamba mno, mikroni moja mbili hivi wakati klia ya kiwandani (lile koti la juu la rangi lisilo na rangi) ni kama 40 au 50. Na kituko ni kwamba gari yenye seramiki ndio inayoshika madoa ya maji yanayoonekana zaidi, manake maji yanajikusanya tone moja nene, jua linalikausha pale pale, madini yote ya lile tone yanabaki kwenye kiduara kimoja. Gari isiyo na kitu maji yanatanda na uchafu wake unatanda nao huoni. Kwa hivyo yale matone ya kupendeza tunayopiga picha, ukiyaacha yakaukie juani ndiyo yanayokuharibia.

Naomba wajuzi muongeze, hasa hizi spreyi za silika za kupaka juu yake. Nina chupa moja na sijui kama naitumia vizuri.


Bodi_na_Rangi_Ganjoni

Kijana umeandika sawa. Mimi hii kazi ya rangi nina miaka zaidi ya ishirini, seramiki tumeanza juzi tu lakini rangi ni rangi. Wateja kumi wakija wakiniambia seramiki imekufa, saba wanane ni uchafu umekaa juu. Tatizo fundi akikwambia ukweli hapati kitu, akikwambia irudiwe anapata, hesabu hiyo mtu yeyote anaiweza.

Utaratibu wangu ni huu, na usiruke hatua. Kwanza gari ioshwe vizuri na shampuu isiyo kali, pH 7 au karibu na hapo. Halafu siki kama ulivyofanya. Halafu wengi wanasahau chuma. Gari inayopita Changamwe, Kipevu, huko kwenye matrela na reli, inakusanya vichembe vya chuma na vumbi la breki, vinajichoma kwenye bodi hata kama kuna seramiki. Kuvijua tia mkono ndani ya mfuko wa nailoni, kama unao bado uliouficha tangu kabla ya marufuku ya 2017, pitisha mkono pole pole juu ya bati lililooshwa. Ukisikia kama unapapasa sendipepa basi vimo. Kuna dawa yake, ukiipuliza inatoa machozi ya zambarau na inanuka yai viza, usiogope, inafanya kazi hiyo. Suuza kabla haijakauka.

Baada ya hapo ndio unamwaga maji ukaangalia. Yakijikunja, seramiki iko. Yakikataa hata baada ya yote hayo, hapo sawa, ongea na fundi wako.

Spreyi unaipaka mwisho kabisa. Ukiipaka juu ya ukoko wa maji ya chumvi ni sawa na mtu kujipaka mafuta mazuri juu ya jasho la kutwa. Itang'aa wiki mbili, halafu utasema spreyi ni feki.


mtwapa_usiku

siki si itakula rangi jamani?? na gari si itanuka kachumbari


Premio_ya_Tudor

@mtwapa_usiku ilinuka kama saa moja hivi, jirani akauliza leo kuna biriani? Rangi haikuguswa, lakini niliosha alfajiri.


Bodi_na_Rangi_Ganjoni

Siki nyeupe ya dukani ni asidi hafifu tu, na silika haisumbuliwi na asidi hafifu. Ile ya kahawia ya kumwagia chipsi wachana nayo. Masharti ni matatu: bati liwe baridi, uwe kivulini, isikaukie juu. Dakika moja mbili, suuza na maji mengi. Kama doa halijatoka mara mbili ujue limeshachimba, hapo siki haisaidii, ni polishi ya mashine, na polishi ikipita inaondoka na seramiki ya pale, itabidi papakwe upya.

Kinachokula silika taratibu ni sabuni kali za upande wa pili, zile za magadi, za kuoshea injini na sakafu. Na jingine hili nalisema kwa herufi kubwa: ILE ASIDI YA RIMU INAYOUZWA KWENYE CHUPA ZA SODA HAINA LEBO, MSIGUSE. Nyingine zina haidrofloriki, hiyo ndiyo asidi inayokula hadi kioo, na ikikuingia ngozini inafika mfupani. Rimu haifai kidole chako.


Abu_Fielder

Mimi mnanichanganya bure. Nina seramiki mwaka wa pili na kila mwezi napaka waksi ya kopo juu yake, ile ngumu ya karnauba, mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, gari inang'aa mashallah kuliko siku niliyoitoa bandarini. Hizi siki na zambarau ni kazi ya watu wasio na kazi


Bodi_na_Rangi_Ganjoni

Ami sikatai inang'aa. Ila unachokiona kinang'aa ni waksi, seramiki umeilaza chini kama mtu aliyefunikwa blanketi. Haijaharibika, iko tu. Lakini umelipa pesa za seramiki ukaendesha gari ya waksi. Waksi ile inayeyuka kwenye digrii 80 na kitu, boneti ya gari ya rangi nzito iliyoegeshwa juani saa nane haifiki hapo lakini inalainika, na vumbi linanata. Kama unapenda waksi ungebaki na waksi tangu mwanzo, ni nzuri na rahisi, mimi mwenyewe pikapu yangu ina waksi.


Abu_Fielder

Kwa hivyo niliibiwa na aliyenipigia seramiki au najiibia mwenyewe


Bodi_na_Rangi_Ganjoni

Hiyo ya pili ami 😂


kusi_na_kaskazi

Mnasahau sisi wa ng'ambo. Mimi navuka Likoni kila siku, nikipata nafasi ya mbele kwenye feri siku za kusi ule upepo unapiga mawimbi yanarusha mpaka kwenye kioo. Nikifika kazini gari ina ukungu mweupe kama imepakwa unga. Skuizi nikiwa sina haraka nazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu nisipande feri, kwa ajili ya gari tu wallahi, mafuta naunguza mimi. Je hii nayo ni siki?


Premio_ya_Tudor

Hapana kaka hii nilijifunza kwa makosa. Chumvi ya bahari yenyewe inayeyuka kwa maji matamu, hauhitaji siki. Ukoko wa kisima ndio hauyeyuki kwa maji. Yako wewe ni kuisuuza siku ile ile kabla hujapitisha kitambaa, manake ukifuta ikiwa kavu unasugua chembe za chumvi na mchanga juu ya klia. Na chini ya gari pia suuza, huko hakuna seramiki ni kutu tu inasubiri.


9H_pekee

Seramiki ya 9H haikwaruziki, ndio maana ya 9H. Kama yenu inakwaruzika basi mmepigwa bandia. Yangu naifuta kavu na kitambaa kila asubuhi hakuna shida


Bodi_na_Rangi_Ganjoni

Ndugu yangu hiyo H ni ya penseli. Wanachukua penseli za ugumu tofauti wanakwaruza nazo, 9H ndiyo ngumu kuliko zote kwenye kipimo hicho, basi koti lisipochorwa na ile penseli linaitwa 9H. Si kile kipimo cha mawe ambacho almasi ni 10. Mchanga wa kawaida hauna habari na penseli yako. Peleka gari mahali kwenye taa moja kali usiku, inama uangalie ubavuni, uje utuambie umeona nini.


9H_pekee

Nimeangalia kwenye taa ya petroli stesheni.

Nimeona mikwaruzo kama utando wa buibui gari nzima.

Nimenyamaza.


Dada_wa_Nyali

Kaka zangu nimesoma uzi wote na chai imepoa. Swali langu ni kunguru. Kazini naegesha chini ya mkungu, kivuli ni kile tu, na kunguru wa Mombasa mnawajua, wanajipanga kama wana zamu. Gari ni nyeupe ina seramiki mpya miezi minne. Nikitoka saa kumi na moja naikuta imepakwa. Kijana wa usalama pale ana huruma zake, ananifutia na gazeti kavu kabla sijafika. Namshukuru lakini roho inaniuma nikiona anavyosugua.


Premio_ya_Tudor

Dada mpe kijana soda halafu mpe na chupa ya maji matamu na kataulo. Asisugue. Aloweshe kwanza, yaani alaze kataulo kalicholowa juu ya kinyesi dakika mbili tatu kilainike, halafu anyanyue, asivute. Kinyesi cha ndege kina asidi yake na kina vijimbegu na mchanga, gazeti kavu linakuwa msasa. Seramiki inakupa saa za kuchelewa lakini juani haikupi siku mbili.


mtwapa_usiku

Nyali kunguru, sisi Mtwapa popo 😭 popo akila embe anakupiga madoa ya rangi ya chai yaliyogandama


Dada_wa_Nyali

Asante kaka. Nimempa leo chupa na taulo mbili, ameniambia "mama hii gari sasa ina nesi".


Mzee_wa_Kizingo

Vijana hamjambo nyote. Nimefurahi kusoma. Mimi nina jambo moja tu la kuchangia kuhusu maji. Mnalia maji ya chumvi na mtungi wa maji matamu ni pesa, na huku kila nyumba yenye eyasi (kiyoyozi) ina kijibomba kinadondosha maji nje ukutani usiku kucha yanaotesha ukungu. Yale maji ni mvuke wa hewani uliogandia kwenye kibaridi, hayana kalisiamu wala chumvi, karibu sawa na maji ya betri. Na hewa ya Mombasa ilivyojaa unyevu, eyasi yangu ya chumbani inanipa ndoo ya lita 20 kwa siku mbili, kusipokuwa na upepo hata siku moja na nusu. Nimeweka mtungi pale chini tangu zamani. Nayachuja kwa kitambaa cha pamba manake yanabeba vumbi la mtambo. Gari naosha na maji yoyote, lakini mkupuo wa mwisho, lita kumi hivi kwa kopo kuanzia paani, ni ya eyasi. Hata nikichelewa kukausha hayaachi doa. Kunywa usinywe. Mvua za masika ukikinga nazo ni nzuri vile vile, ila acha dakika za mwanzo zioshe bati la nyumba kwanza.


Premio_ya_Tudor

Shikamoo mzee. Yaani mtambo unadondosha dhahabu nje ya dirisha langu miaka sita nimekaa nalalamika ukuta unaota ukungu. Nimetega mtungi leo.


Premio_ya_Tudor

Haya nimerudi baada ya wiki mbili na stori ya spreyi, mcheke kidogo.

Nilimaliza gari nzima na siki, vipande vipande, alfajiri mbili. Nikapiga dawa ya chuma, milango ya nyuma na buti ikalia zambarau hadi nikaona huruma. Gari safi, maji yanakimbia. Nikasema sasa niipambe. Saa sita mchana, Jumamosi, jua wima, mimi na kopo langu la spreyi. Nikapuliza boneti nzima kama ninayepulizia mbu. Nikaenda kuitika simu. Kurudi, imekauka madoa ya mafuta, rangi za upinde kama lami ya petroli stesheni ikinyeshewa. Nikafuta na taulo kavu, ikazidi kupakaa. Nikapuliza tena nyingi zaidi ndio nifute vizuri, ikawa mchuzi.

Nikampigia fundi wangu mmoja simu akanicheka kwanza halafu akaniambia subiri jioni ipoe. Saa kumi na mbili na nusu bati likiwa baridi nikalowesha taulo safi maji ya eyasi nikaikamua mpaka inyevunyevu tu, nikapuliza mpulizo mmoja kwenye taulo, si kwenye gari, nikafuta pale pale nikamalizia na taulo ya pili kavu. Ile mpya inayeyusha ile ya zamani unazifuta zote pamoja. Ikatoka.

Siku hizi napaka hivi: gari imeoshwa na imekauka, jioni, kivulini. Taulo mbili fupi-nywele, moja ya kutandaza moja ya kumalizia, usizichanganye. Mpulizo mmoja au miwili kwa nusu mlango. Kipande kidogo, malizia kabisa, sogea. Taulo ya kumalizia ikilowa geuza upande, pande zikiisha chukua nyingine. Gari nzima inataka kidogo tu ya hiyo dawa, mimi nilikuwa nimemaliza robo ya kopo kwenye boneti peke yake. Na napaka kila baada ya miezi miwili mitatu, sio kila wiki, ukipaka juu ya kupaka hakuna kinachoongezeka ila kunata.

Jingine, hizo taulo msizioshe na nguo za watoto na ile dawa ya kulainisha nguo, inaacha mafuta kwenye nyuzi halafu unalaumu spreyi kwamba inaacha michirizi. Mimi nilizifua na kanga nyekundu ya mke wangu. Zimekuwa za waridi. Zinafanya kazi tu.


kusi_na_kaskazi

Na zile za kupuliza gari ikiwa imelowa halafu unasuuza na presha?


Bodi_na_Rangi_Ganjoni

Hizo ni rahisi kwa mwenye mashine ya presha, ila maji ya presha yawe matamu. Unapuliza kidogo bati likiwa limelowa, unaipiga presha hapo hapo inasambaa yenyewe. Ukiiacha ikauke bila kupiga maji utalia. Fanya upande kwa upande. Haidumu kama ya kufuta, lakini ni dakika kumi kazi imeisha.


mtwapa_usiku

mie nimeagiza kichupa cha seramiki yenyewe mtandaoni, nataka nijipigie nyumbani wikendi hii, kuna shida?


Bodi_na_Rangi_Ganjoni

Wikendi hii mvua. Acha kwanza.

Halafu sikiza. Asilimia kubwa ya kazi ni kabla hujafungua kichupa: kuosha, kutoa chuma, polishi, halafu kufuta gari nzima na spiriti ile ya aisopropili ili mafuta ya polishi yatoke. Seramiki inafungia chochote ilichokikuta, mikwaruzo nayo inafungiwa ndani. Pili, karatasi ya maelekezo iliandikwa kwa karakana yenye baridi. Huku joto na unyevu inashika haraka, ukisubiri dakika walizoandika utakuta imegandamana kabla hujafuta, inaacha mabaka ya upinde na hayo hayatoki kwa taulo, ni mashine. Fanya kipande cha mikono miwili tu, macho kwenye taa, ukiona imeanza kubadilika rangi futa. Siku nzima isiguswe na maji wala umande, maana yake ndani ya gereji si barazani. Wiki nzima usitie shampuu. Kama huna gereji mtafute mwenye gereji umpe pilau.


mtwapa_usiku

naahirisha basi


Dada_wa_Nyali

Na kwenye kawoshi je? Si kila mtu ana nafasi ya kuosha nyumbani, mimi nakaa ghorofa ya tano.


kusi_na_kaskazi

Dada mimi nina kijana wangu mmoja Kongowea, tulikaa tukaelewana. Shampuu yangu, taulo zangu, ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuzia glavu, aanze paani amalizie chini, rimu na glavu yake nyingine. Sponji ikianguka chini isirudi kwenye gari hata kama boss anatazama saa. Sabuni ya unga ya kufulia hapana. Namwongeza mia juu ya bei. Mwanzo alinicheka, skuizi ananifokea mimi nikigusa gari na kidole kikavu. Kinachobaki ni ile dawa ya kung'arisha matairi, wanapaka nyingi, ukiondoka gurudumu linaipiga mabawa ya bodi matone matone meusi ya mafuta. Mwambie apake kidogo na afute, au asipake.


Abu_Fielder

Wakuu mimi ni yule wa waksi. Nimepaka siki nusu ya paa kimya kimya mtu asinione, kwanza nikaosha na ile shampuu ya kutoa waksi. Nimemwaga maji.

Sitasema zaidi. Hiyo siki ni vikombe vingapi kwa gari nzima?


Premio_ya_Tudor

Chupa moja ya 750 inatosha na inabaki ya kachumbari ami 😂


Premio_ya_Tudor

Ripoti ya mwisho kabla mods hawajafunga. Ni mwezi sasa. Nimepita kwa wale walionipigia, sikuwa na kisirani, niliwaonyesha video ya boneti na tepu. Jamaa ameangalia mara mbili. Akasema "ni kweli bwana, lakini ungekuja tukufanyie huduma ya kusafisha." Nikamuuliza mbona hukuniambia kuna huduma hiyo. Akaniuliza nitakunywa soda gani.

Gari iko vizuri. Ijumaa hii nilitaka kuiosha kabla ya kwenda Malindi kwenye harusi, nimeamka alfajiri, ndoo zote tayari, shampuu tayari, naenda nyuma kuchukua mtungi wangu wa maji ya eyasi ya siku tatu, ule niliouchuja mwenyewe. Mtupu. Mke wangu yuko sebuleni anapiga pasi madira ya harusi, pasi ya mvuke inanguruma, ananiambia yale maji uliyoweka pale nje ni mazuri ajabu, pasi haijatema ule unga mweupe hata mara moja.


Mzee_wa_Kizingo

Tega mitungi miwili.